Mshahara wa Saizi XXL

Siku Athanase alipogundua kwamba nguo inaweza kumgeuza mtu kuwa serikali, alikuwa ameketi katika malewa moja, mgahawa mdogo wa Masisi-centre, akila sahani ya maharagi iliyoagizwa na mtu mwingine.

Pikipiki ilisimama mbele ya mlango. Akashuka mwanamume mfupi, mwenye matope hadi magotini, amevaa gilet, kizibao cha kazi cha rangi ya machungwa, ile yenye mikanda inayong'aa taa ikiipiga. Alikuwa muuza dawa za kuku. Gilet yenyewe alikuwa ameiazima kwa motard, yule mwendesha pikipiki, kwa ajili ya baridi ya milimani. Lakini watu hawakuyajua hayo. Mama mwenye malewa akamfutia kiti kwa kitenge chake. Polisi aliyekuwa amesinzia ukutani akasimama wima. Mzee mmoja akavua kofia na kuuliza kwa sauti ya kanisani:

"Chef, barabara yetu itatengenezwa siku gani?"

Muuza dawa za kuku akafikiri kidogo, akajibu, "Bientôt," yaani karibuni.

Watu wakapiga makofi.

Athanase akaacha kijiko. Wako vijana wanaokaa miaka Goma wakisoma ili siku moja wafutiwe kiti namna ile, na wanarudi na karatasi tu mkononi. Huyu wa kuku alikipata kiti kwa kitambaa. Athanase akakumbuka gunia lililokuwa chini ya kitanda chake, akaona haya kwamba kwa muda wote ule alikuwa akililalia kama mto.

Athanase alikuwa mwanamume mrefu, mwenye tumbo la mtu anayelipwa na sauti ya mtu anayelipa. Alitokea Omate, kule Walikale, ambako wachimbaji walikuwa bado wanamtafuta, na si kwa wema: alikuwa amewauzia dawa ya kuifanya dhahabu ipande juu yenyewe kama uyoga. Kitu pekee alichotoka nacho huko ni gunia la gilet mpya za saizi zote. Mfanyabiashara mmoja alimwomba amchungie wakati anakwenda choo. Athanase alilichunga gunia vizuri sana. Alilichunga hadi Masisi.

Na kama vile shetani naye ana ofisi ya matangazo, wiki ile ile habari ilisomwa sokoni. Mradi wa barabara ulikuwa unaanza. Kila kipande cha njia kingepewa watu wa pale pale, lakini siku ya Jumatatu asubuhi kila mfanyakazi awe amesimama na jembe lake na gilet ya saizi yake, isiyombana wala kumburuta. Kundi lisilo na gilet lingerudi nyumbani, na kazi yake ingepewa kundi lingine.

Athanase akanunua kamba. Akaifunga mafundo ya kupimia. Akaning'iniza gilet chache kwenye ukuta wa nyumba aliyopanga, akavaa ile kubwa kuliko zote, akasimama mlangoni akitazama mbali, jinsi wanavyotazama watu wa miradi.

Mteja wa kwanza alikuwa Mama Emérita, kapita, yaani msimamizi, wa kundi la Kona ya Mawe. Alikuwa mwanamke mwembamba, mpole wa kusema, na alipokuwa anakusikiliza alikutazama mdomoni badala ya machoni. Ilikuwa tabia mbaya kwa mtu wa kazi ya Athanase.

"Papa, hizi gilet iko za kuuza ao za kuonyesha?"

"Mama, hizi iko za project. Miye niko délégué ya saizi."

"Délégué ya nini?"

"Ya saizi. Muntu akivaa gilet kubwa, upepo unamubeba. Akivaa ndogo, pumuzi inakatika. Project haipendi bantu bafe barabarani."

Alisema vile kwa kupamba tu maneno. Hakujua ameweka kidole juu ya kidonda. Kona ya Mawe ndipo barabara ya Sake inapojikunja chini ya mlima, na ukungu hushuka pale kama blanketi. Msimu wa mvua uliopita, lori lilitokea ndani ya ukungu ule na kumpiga Callixte, mdogo wake Emérita, aliyekuwa ameinama akizibua mtaro. Dereva aliapa kwamba hakuona mtu. Labda alisema kweli. Callixte alirudi kutoka hospitali na mguu mmoja na ulimi wake wote. Tangu siku hiyo Emérita aliapa kwamba hatapeleka tena mtu kwenye kona ile bila kitu kinachong'aa mgongoni. Lakini bila kazi ile, kundi lake halikuwa na kitu cha kulisha watoto hadi mavuno.

"Tunazitaka," akasema. "Kwa bantu bote ba équipe, kundi yetu yote. Lakini franga hatuna. Tuko na fromaji."

Fromaji, yaani yale magurudumu ya jibini yanayotoka katika vilima vyetu vya ng'ombe, kundi la Emérita lililipwa kwa kulima mashamba ya wenye mifugo. Wao wenyewe hawakuonja hata ganda. Waliyatunza kwa ajili ya gilet.

Athanase akameza mate. Huko Goma fromaji huuzika kabla hujaishusha chini.

Basi kundi zima likapimwa. Athanase aliwazungushia kamba kifuani kwa uzito wa padri anayebatiza, akanong'ona, akatikisa kichwa, akataja herufi. Huyu S. Huyu M. Huyu L, Mungu amlinde. Callixte alipofika na gongo lake, akauliza:

"Na miye wa mguu moja, utanikata bei?"

"Gilet haivaliwe ku mguu, ndugu yangu."

"Aa. Basi yule wa lori alikosea pa kunipiga."

Mwishoni Athanase akainua kidole, kwa sababu kila uongo mzuri unahitaji amri moja ya kuufungia mlango.

"Musikilize! Kuanzia leo, pa Kona hakuna muntu kugusa barabara bila gilet. Hakuna! Hata akiwa gouverneur! Njo sheria ya project."

"Njo sheria nzuri," akasema Emérita, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Basi utupe gilet zetu."

"Mama, zinapashwa kwanza kupigwa cachet, muhuri ya project. Nitakuletea ku mulango siku ya Yenga, Jumapili, kisha misa."

"Na fromaji zetu?"

"Hizo hazina lazima ya cachet. Ziache."

Sasa, pembeni mwa umati alikuwa amesimama Papa Benoît. Papa Benoît alikuwa na ng'ombe wengi, kantini ya jibini yenye rafu hadi darini, na mwili mwembamba kama mpini wa jembe, ingawa jembe lenyewe hakuwahi kulishika. Alikuwa mtu ambaye akiona maskini wanapanga mstari, moyo unamuuma kwamba hakufika wa kwanza.

"Délégué," akauliza, "juu ya nini ule mama amepewa M, na ule kijana L?"

Athanase angeweza kusema ukweli, kwamba kifua cha kijana ni kipana. Lakini ukweli hauna faida, na Athanase hakuwa mtu wa kupoteza swali zuri namna ile.

"Papa," akasema akishusha sauti, "miye sikukuambia kitu. Saizi njo grade."

"Grade? Cheo?"

"S anabeba mawe. M anachimba. L anasimamia. XL anasimamia wale benye kusimamia."

"Na XXL?"

Athanase akatazama huku na huku. "XXL anakaa mu jeep."

Habari hiyo ilitembea Masisi-centre haraka kuliko mvua. Kufikia kesho yake, heshima za mji zilikuwa zimepanga mstari mbele ya mlango wa Athanase, kila mmoja amebeba jibini lake kama wale mamajusi. Nasema heshima: walikuwemo watu waliokuwa wakitembea upande wa pili wa njia ili matope ya wafanyakazi wa barabara yasiwaguse. Mwalimu mmoja wa hesabu alivaa majaketi matatu kabla ya kupimwa. Mke wa karani aliweka mto tumboni, na mto ukashuka katikati ya kipimo, akasema ni baraka za Mungu. Bwana mmoja aliyeangukia M alilia machozi, akaomba arudie baada ya kula fufu. Athanase aliwahurumia wote. Kila aliyeongeza jibini aliongezeka kifua.

Gunia lilikuwa moja. Kila aliyelipa alionyeshwa gunia lile lile, akaahidiwa siku ile ile. Ni kama mtu mwenye binti mmoja anayepokea mahari milango yote, akitumaini kwamba siku ya harusi atakuwa safarini.

Jumamosi Papa Benoît akaja peke yake na kufunga mlango nyuma yake.

"XXL yangu iko?"

"Iko, Papa. Hata ukivaa na ng'ombe ndani, mutaenea."

"Vizuri. Sasa usikilize. Nataka gunia yote."

"Gunia yote? Na bale ba Kona?"

"Bale ba Emérita? Bakuje Jumatatu bila gilet, ingénieur atabarudisha. Kazi itabakia kwa équipe yangu. Niko na bakwe, niko na bashemeji, niko na batoto ba shangazi. Banangoja tu."

"Lakini Papa, mama ule amekwisha kulipa."

"Amelipa fromaji ngapi? Miye nakutolea rafu yote."

Athanase akaweka mkono kifuani. Kwa kweli aliguswa. Katika maisha yake ya wizi alikuwa amekutana na watu wajinga na watu wenye tamaa, lakini ni mara chache Mungu aliwaumba wote wawili katika ngozi moja nyembamba namna ile.

"Papa Benoît," akasema, "weye ulizaliwa XXL."

Wakacheka pamoja. Athanase alicheka kwa sababu alijua pikapu ya dereva mmoja, Habineza, ingemchukua alfajiri kwenda Goma na gunia na majibini yote. Benoît alicheka kwa sababu hakujua.

Tamaa, hata hivyo, huamka mapema kuliko wizi. Alfajiri ya Jumapili, wakati kengele ya misa ya kwanza bado imelala, Papa Benoît alikuwa akipita nyuma ya nyumba ya Athanase na jibini moja zaidi chini ya koti. Alikuwa amesumbuliwa na wazo: kama XXL anakaa ndani ya jeep, je, hakuna XXXL anayeimiliki jeep? Akagonga. Akagonga tena. Akasukuma mlango. Ndani palikuwa na kitanda kisicho na gunia chini yake, na harufu ya fromaji iliyokwisha kuondoka.

Kilio chake kiliwaamsha motard wote wa centre.

Kwa wakati huo Athanase alikuwa anashuka kuelekea Sake, miguu juu ya dashibodi, akimweleza dereva Habineza kwamba binadamu ni kondoo na kwamba Mungu amempa yeye mkasi wa manyoya. Habineza alikuwa mtu wa maneno machache. Alifunga breki.

"Patron, hapa hata mbuzi haipite."

Mvua ya usiku ilikuwa imeushusha mlima. Pale pale Kona ya Mawe, matope yalikuwa yamelala katikati ya barabara kama ng'ombe aliyekataa kuamka. Juu kidogo, watu walikuwa wanatoka sala ya alfajiri katika kanisa dogo la mabati wakiwa na nguo zao safi. Nyuma, mbali katika mizunguko ya mlima, zilisikika pikipiki.

"Iko nani ule?" akauliza Athanase.

Habineza akatazama kioo. "Naona kofia ya Papa Benoît. Na motard. Bengi."

Athanase hakuwa mwoga. Wezi waoga hawafiki Walikale na kurudi. Akafungua gunia, akavaa ile XXL, akapanda juu ya pua ya pikapu na kunyoosha mikono.

"Batu ba Kona! Kwa jina la project! Salongo! Kazi ya bote! Kila muntu na jembe yake, mufungue barabara, mbio mbio!"

Watu wakamtazama. Kutoka katikati yao akatoka Emérita, Biblia mkononi. Alimwangalia Athanase mdomoni. Kisha akaliangalia gunia. Kisha turubai la pikapu, ambalo Callixte alikuwa tayari ameliegemea, pua juu.

"Ee Yezu," akasema Callixte, "hii gari inanuka sawa kantini ya Papa Benoît."

"Papa Délégué," akasema Emérita, "ulisema utatuletea gilet ku mulango. Mulango wangu njo hii hapa. Weye uko unaangalia Goma."

"Mama, nilikuwa natafuta cachet! Cachet ya Goma njo ya nguvu!"

"Mungu akubariki kwa kujichokesha." Sauti yake ilikuwa tamu kama uji wa mgonjwa. "Lakini salongo ya serikali ilikuwa jana. Leo iko siku ya Bwana. Leo muntu hatumikishe muntu. Anamuomba. Na mwenye kuomba bantu, anabalisha."

Huko milimani jambo hilo halina mjadala. Anayewaita majirani kulima huwalisha majirani. Chakula kikipungua, jembe nalo linapunguza mwendo. Athanase akasikiliza zile pikipiki. Akalitazama turubai.

"Mutakula," akasema kwa shida. "Fromaji moja."

"Fromaji moja inasogeza matope ya fromaji moja, Papa."

"Mbili, basi! Mukamate majembe!"

Hakuna aliyesogea. Watu wa Kona walikuwa wamesimama mikono nyuma kama wanafunzi.

"Sasa nini?" akapiga kelele.

"Gilet," akasema Emérita. "Weye mwenyewe ulitufundisha. Pa Kona hakuna muntu kugusa barabara bila gilet. Hata gouverneur."

"Njo sheria ya project," Callixte akaongeza kwa huzuni kubwa. "Tutafanya nini? Tunaogopa sheria."

Athanase akajisikia kama mtu anayenyolewa kwa wembe wake mwenyewe. Akamimina gunia chini. "Mutarudisha kisha kazi!"

"Bila shaka, Papa," wakajibu wote, na wakavaa. Kila mmoja alichukua saizi aliyopimwa, S kwa wenye vifua vidogo, L kwa wale wapana, na zikawakaa vizuri sana, kwa sababu, tumpe mwizi haki yake, kamba ilikuwa imepima sawasawa.

Kisha kazi ikaanza. Na ilikuwa kazi ya ajabu. Waliyatoa matope upande wa kushoto wakayaweka kulia, wakapumzika, wakala. Kisha Emérita akasema kulia kumekuwa kuzito, wakayarudisha kushoto, wakapumzika, wakala. Watoto wa kanisani wakaja kula. Wazee wasio na meno wakaja, na jibini laini likawafaa. Habineza naye akazima gari, akatoa kisu mfukoni, akaketi kando ya Callixte.

"Weye pia?" akalia Athanase.

"Patron, hata miye uliniomba," akasema Habineza, mdomo umejaa.

Athanase, ambaye hakuwahi kuona barabara inavyotengenezwa, alitembea huku na huku akiwatia moyo, "Courage! Courage!" na kujiuliza kwa nini matope hayaishi.

Pikipiki zikafika. Papa Benoît akaruka kabla ya yake kusimama, kofia upande.

"Mwizi! Mwizi!" Kisha akaliona turubai limefunuliwa, na chini yake maganda. "Fromaji zangu!"

"Zilikuwa zako, Papa?" akasema Callixte akijipangusa midomo. "Aksanti sana. Ile ya mwisho ilikuwa na chumvi kidogo."

"Na gilet zangu! Muvue! Nilinunua gunia yote!"

Makoleo na majembe yakanyamaza. Emérita akageuka polepole.

"Ulinunua gunia yote, Papa Benoît? Hata yetu?"

Benoît akainyoosha kofia yake. Mbele yake kulikuwa na kanisa zima, na motard wote wa centre nyuma yake, wakisikiliza.

"Hata hii ya Callixte?" akauliza Emérita. Sauti haikuwa tamu tena. "Ulijua kazi iko kesho. Ulijua hapa iko kona gani. Ulitaka tusimame pa ukungu na nini mugongoni? Na tamaa yako?"

Hakuna aliyecheka, hata Callixte. Papa Benoît aliitafuta sura ya kumsaidia, hakuipata, na kama ilivyo kwa watu wa aina yake, haya ilipomshika aliigeuza kuwa hasira na kumrukia mtu mwingine. Akamkamata Athanase, akamvua ile XXL kichwani hadi masikio yakageuka.

"Hii moja inanitosha! Saizi njo grade! Kesho tutaona nani anakaa mu jeep!"

Akaivaa. Ilifika magotini. Akapanda pikipiki kama mfalme ndani ya hema, akaondoka, na motard wote wakamfuata kudai nauli.

Athanase akabaki na shati. Habineza alikuwa ameshageuza gari na kwenda nyumbani kulala. Majibini yalikuwa ndani ya matumbo, na matumbo hayarudishi. Nyuma kulikuwa na Masisi-centre nzima. Mbele kulikuwa na matope na ukungu, ambao sasa ulianza kushuka. Akavua viatu, akayavuka matope kwa magoti, na watu wa Kona wakamtazama bila kumsaidia wala kumzuia.

"Papa!"

Akajikunyata, akingoja jiwe. Kitu laini kikamwangukia begani. Ilikuwa gilet ya mwisho iliyobaki, saizi S.

"Vaa," akasema Emérita. "Ukungu huu haujue mwizi na mutakatifu."

Akaivaa. Ilimkaba kifuani kama deni la mkwe, akaenda zake akipumua nusu nusu. Alipopotea kabisa machoni mwao, mikanda ile miwili bado ilikuwa inaonekana ikitembea peke yake.

Ndani ya saa ile ile, matope yasiyoisha yakaisha.

Athanase alilala katika kibanda kitupu cha muuza ndizi. Asubuhi ya Jumatatu akaendelea kushuka, katikati ya njia, kwa sababu ukungu ulikuwa umemeza pembeni. Hakuisikia jeep. Aliona tu mwanga mweupe, akasikia breki zikilia, na chuma cha moto kikasimama karibu na tumbo lake kiasi kwamba tumbo lingekuwa limeshiba lingegusa.

Mwanamke aliyevaa kofia ngumu ya chantier, ya kazi ya ujenzi, akaruka chini. Alikuwa Ingénieure Céline, wa mradi wa barabara.

"Kama si hizi mikanda," akasema, "kama si hizi mikanda, Papa!"

Athanase akaitazama mikanda kifuani mwake. Alikuwa ameziuza gilet zile kwa mji mzima, wengine mara mbili, na hadi dakika ile hakuna aliyemwambia kwamba zina kazi.

"Weye uko wa équipe gani?"

Alitaka kusema délégué. Meno yalikuwa yanagongana. Likatoka jina la mahali pekee alipokumbuka. "Kona..."

"Kona ya Mawe? Uko mbali hivi, umepotea! Panda."

"Madame, hapana, miye niko—"

"Panda, Papa. Hatuachi muntu wetu ku njia."

Ndivyo Athanase alivyokaa ndani ya jeep, mahali alipowauzia wengine, akirudishwa kulekule alikotoroka.

Kundi la Kona lilikuwa limesimama kwenye mstari, machungwa na fedha ndani ya ukungu, wakionekana kutoka mbali kabisa. Céline akapita akiwatazama mmoja mmoja, na uso wake ukafunguka. Mwishoni mwa mstari, hatua moja mbele ya wengine, alisimama Papa Benoît.

"Na huyu mzee ndani ya turubai?"

"Superviseur, Madame," akasema Benoît akiinua kidevu. "Niko XXL. Nangoja jeep."

"XXL iko ya muntu munene, Papa. Mushahara iko moja kwa bote."

Kicheko kilichotoka pale kilifika hadi Sake. Céline, ambaye alipenda kila kitu kikae mahali pake, akamvua Benoît ile kubwa akampa Athanase, akamvua Athanase ile ndogo akampa Benoît. Zikawakaa wote wawili kama zilizoshonwa kwa ajili yao.

"Voilà. Sasa mukamate majembe."

Papa Benoît akakumbuka kwamba ng'ombe wake wanazaa, wote, asubuhi ile ile. Akavua, akaenda. Watu wakamsindikiza kwa macho tu.

"Na huyu mwingine," akasema Céline, "nilimukuta chini kule. Mulikuwa mumemupoteza. Iko wenu?"

Athanase akamtazama Emérita kwa mara ya kwanza bila uongo wowote tayari. Neno moja la yule mama lingemtia mikononi mwa motard wa centre. Emérita alimtazama mdomoni. Haukuwa unasema kitu.

"Iko wetu, Madame," akasema. "Anabeba mawe."

Akabeba mawe. Hadi jua lilipokata ukungu, viganja vya Athanase, vilivyokuwa laini kama vya askofu, vilikuwa vimechunika. Saa ya kula, watu walipofungua vifurushi vyao, akakaa akitazama upande wa kanisa, upande wa jiko, upande wowote.

"Mama Emérita," akauliza mwishoni, "chakula cha bafanya kazi kinafika saa gani?"

"Chakula iko ya mwenye kuombwa, Papa," akajibu Callixte kabla ya dada yake. "Weye, nani alikuomba?"

Wakacheka tena. Emérita akakata kiazi chake katikati, akamnyooshea nusu, akaendelea kula.

Athanase akakigeuza-geuza kile kipande mkononi. Akakinusa. Akakitazama chini na juu, akitafuta ujanja uliofichwa ndani, kwa maana lazima ulikuwemo. Akatafuta hadi kikapoa. Hakuuona.

Akala.